Kidole cha Baba Yako

Mwamini,

Salamu tulisalimiana asubuhi, na kesho tutaagana ufukoni kabla boti haijaondoka, kwa hiyo humu siweki salamu. Umevuka mto kwenda kuaga rafiki zako. Miye nimefunga mlango wa studio, nimeandika nje kwa chaki "Leo hakuna kazi", na nimekaa kwenye kiti chako kile kinachoyumba. Betri ya sola iko na nguvu, lakini leo siwashi mashine yoyote. Leo ni kalamu tu.

Najua unangojea maagizo. Aka! Mambo ya chandarua, ya samaki wa jana, ya vijana wa Kisangani na manukato yao, hayo shangazi yako Amina amekuimbia tangu alipofika kutoka Tunda, na weye si mutoto wa kufundishwa kufua nguo. Miye niko na jambo moja. Nimelibeba miaka mingi, na nimeamua litoke kabla hujaondoka, hata kama utanichukia kuanzia hapa mpaka Ubundu. Nakuandikia Kiswahili cha shule, kile cha mwalimu wetu wa rula. Ulimi ukiteleza ukarudi kwenye kile cha nyumbani, univumilie.

Ndani ya mkoba wako mwekundu, katikati ya kitenge cha kijani, nimefunga kaseti. Ni ile kaseti ya baba yako. Ndiyo, ile niliyokuambia iliingia maji siku paa lilipong'oka. Haikuingia maji. Nilikudanganya, na nilikudanganya vizuri, mpaka ukanipa pole. Kaa chini kwanza, nitakuambia yote kwa mpango wake.

Baba yako Omari alikuwa mpigaji likembe tangu utoto. Wewe likembe yake uliikuta imeshaliwa na mchwa, sanduku dogo la mbao lenye vyuma vyembamba juu, linalopigwa kwa vidole gumba viwili basi. Kabla hujazaliwa alikwenda Kampene kuchimba, kama vijana wote wa wakati ule. Huko jiwe lilimwangukia kidole gumba cha mkono wa kulia. Wenzake walikifunga kwa kipande cha shati, na alipofika hapa Alunguli kwa miguu, kidole kilikuwa kimeshapona vibaya. Kilijikunja, hakikusikia baridi wala moto.

Aliendelea kupiga. Kidole cha kushoto kilikimbia kama zamani. Cha kulia kilichelewa kufika kwenye chuma kinene cha chini. Kilichelewa kidogo tu, muda wa kupepesa jicho, lakini kila mzunguko, na muntu mwenye masikio alikisikia. Ulipozaliwa, Koko, mama yake baba yako, alikuja kutoka Tunda kukupokea. Alikaa siku arobaini, na kila jioni alikupakata akimsikiliza mwanawe. Aliporudi kwake, njia zikafungwa nyuma yake.

Miaka ile siwezi kukuandikia yote, karatasi haitoshi na miye sitaki. Muji ulikuwa umefungwa. Reli ilikuwa imekufa, barabara zilikuwa za wenye bunduki, na ukienda shamba mbali kidogo hukujua utarudi au la. Chumvi tulichuja kwenye majivu ya maganda ya ndizi. Sabuni tulisahau harufu yake. Watu walikonda, nguo zikawa zinatucheza mwilini.

Kaka yangu, fundi wa redio pale karibu na stesheni, aliniachia redio-kaseti yake alipokufa, pamoja na bisibisi zake na kaseti moja tupu. Siku moja nikasema leo namrekodi Omari. Pile za kutia redioni zilikuwa nne, zote zimechoka. Niliziweka juani tangu asubuhi, nikazigonga moja moja kwenye jiwe, nikaziuma kwa meno, unajua tulivyokuwa tunafanya wote. Saa tisa redio ikawaka. Baba yako alipoona kitaa chekundu cha kurekodi akaficha mkono chini ya paja.

"Zima hiyo, Zaina. Kidole kimeharibika, watu watacheka."

"Nani atacheka? Muji muzima iko na njaa, nani iko na nguvu ya kucheka?"

Hapo akacheka yeye mwenyewe, akapiga. Alipiga wimbo ule mmoja unaoujua, mpaka mwisho. Weye ulikuwa na miezi mitano, uko mapajani mwangu, unavuta waya.

Sasa inakuja ile sehemu ambayo hujawahi kuisikia. Wiki mbili baadaye habari ilifika kwamba Koko huko Tunda iko na mchele, na iko na chumvi ya kweli. Watu sita wa barabara yetu walipanga kwenda pamoja upande ule, waondoke Alhamisi. Siku ile ilikuwa Jumatatu. Baba yako akasema atakwenda nao. Miye maziwa yalikuwa yananikauka, Mwamini. Ulikuwa unanyonya, unaachia, unalia, unanyonya tena. Nikamgeukia nikiwa nimesimama, sufuria tupu mkononi.

"Weye kila kitu unachelewaka! Likembe unachelewa, chakula unachelewa! Mutoto afe tukingojea Alhamisi?"

Alitazama kidole chake. Nilimwona akikitazama, na sikusema "samahani, sikumaanisha hivyo". Kesho yake alfajiri alivuka mto peke yake.

Wale sita waliondoka Alhamisi kama walivyopanga. Walifika vijiji vya upande ule, wakarudi wote sita na mizigo yao. Mmoja alinipimia kijiko cha chumvi kwa huruma, nikapika sombe ya majani ya muhogo, nikala, nikalamba na vidole, nikidhani Omari amebaki kumsaidia mama yake mavuno. Baadaye ujumbe wa Koko ukaja: hakuwa Tunda. Hakufika Tunda. Njiani hakuna aliyemwona, na mpaka leo hakuna aliyenionyesha hata kiatu chake.

Nilikuambia kila siku: "Baba yako alikwenda kututafutia chakula." Ni kweli. Lakini ukweli huo niliukata mwanzo wake, nikakupa ulioanzia mtumbwini. Mwanzo wake ni mdomo wangu. Sikuandikii hili ili unionee huruma, wala ili unihukumu. Hukumu yangu nimejisomea mwenyewe miaka yote hii. Nakuandikia kwa sababu lina mkono wake katika jambo la kaseti, na bila hili, lile la kaseti hutalielewa.

Baada ya hapo nilikuwa siwezi kuvumilia kitu kinachochelewa. Uliza jirani yeyote. Nilikugombeza kwa dakika tano za kutoka shule. Ulipoanza kuimba ukiwa na miaka tisa, nilikuvalisha vile visikilizio vikubwa vyenye mlio wa saa, tik, tik, tik, nikakuambia ukikosa pigo moja tunarudi mwanzo. Tulirudi mwanzo mpaka ukalia, na ulipolia nikakuambia umelia nje ya pigo. Mungu wangu. Nililisema kweli, kwa mutoto wa miaka tisa. Nakuomba radhi kwa hilo, na siweki "lakini" mbele yake.

Kompyuta, hii tunayoiita mashine, ilipofika, hapo njo nikaona dunia imenielewa. Fundi mmoja aliyetoka Goma alikaa hapa wiki mbili akanifundisha programu. Unakumbuka nilivyokuwa ninafundishia wengine: muntu anapiga, sauti inachorwa kwenye kioo kama vilima, na juu yake imesimama mistari iliyopimwa sawasawa. Kilima kikija mbele ya mstari au nyuma yake, unakivuta mpaka kisimame juu yake. Tukaita kunyoosha. Na ukichoka kuvuta kimoja kimoja, kuna kitufe: unabonyeza, vilima vyote vinaruka mahali pake kwa mara moja. Kuna na kipimo cha nguvu, kutoka sifuri mpaka mia. Miye nilijua mia tu.

Nilinyoosha kila aliyeingia mlangoni. Nilinyoosha kinanda cha kwaya, nikanyoosha waimbaji wa kasida, nikanyoosha ngoma za harusi. Mzee mmoja mpiga ngoma alirudi hapa na wimbo wake, akausikiliza amesimama, akajaribu kucheza kidogo, akaacha. Akaniambia kwa upole, "Mama Mwamini, mguu wangu hauingii humu." Nilimcheka, Mwamini. Nilimwambia mguu wako umezeeka, mzee. Akanishukuru, akaondoka, na hakurudi tena.

Siku moja nikachukua kaseti ya baba yako, nikaiingiza kwenye mashine. Nikaona vilima vyake. Vya kidole cha kushoto vilikuwa karibu na mistari. Vya kulia, kila kimoja kilikuwa kimesimama nyuma ya mstari, peke yake, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka mwisho. Nikamwona amekaa pale ameficha mkono chini ya paja. Nikasema, Omari, leo nakuponya. Nakurudishia kidole chako. Nilikuwa nalia kwa furaha, naapa.

Nikaweka mia, nikabonyeza.

Nilikata na mwanzo, ule wa kutafuta kitufe. Nilikata na mwisho, vile vikohozi na maneno. Mwendo wake uliokuwa unalegea kadiri wimbo unavyokwenda niliufunga usilegee. Ulitoka wimbo safi, mfupi kidogo kuliko wa kwanza. Mashine ilikuwa imejaa, na faili ya kwanza ilikuwa kubwa, nikaifuta. Ya nini tena, si huyu hapa amepona? Halafu nikafanya ujinga ambao labda ni miye peke yangu duniani niliyeufanya. Nilitaka Koko amsikie mwanawe aliyepona, na Koko alikuwa na redio ya kaseti tu. Kaseti tupu katika muji wetu wote wa Kindu hakuna. Nikachukua ile ile, nikairudisha mwanzo, nikarekodi wimbo ulionyooshwa juu ya ule wa kwanza. Maji yakishamwagika, mwanangu, unazoa nini?

Nilisafiri siku mbili juu ya pikipiki. Koko macho yalikuwa yamekwisha, masikio yalikuwa mazima. Alikuwa anamenya karanga juu ya ungo. Nikaweka kaseti, nikakaa mkekani nikingoja aniite binti yangu. Wimbo ukaanza, akaendelea kumenya. Mzunguko wa pili mkono wake ukasimama.

"Huyu ni nani?"

"Njo Omari, mama. Msikilize."

"Aka. Omari wangu anachechemeaka hapa." Akagonga ungo kwa kidole chake kikavu, akachelewa pale pale. Pale pale, Mwamini. "Huyu hachechemei. Huyu ni muntu mwingine, umemuvalisha shati ya mutoto yangu."

"Mama, nimemponya kidole!"

"Nani alikutuma?"

Hasira ilinipanda mpaka nikaona giza. Nilibonyeza stop kwa ngumi, wimbo haujafika hata nusu, nikamwambia kama hutaki basi ubaki na kaseti yako. Nikalala kwa Amina bila kusema na mtu, asubuhi nikaondoka. Kiburi hakina dawa. Nilikuwa nampelekea Koko chumvi, vitenge, sukari, kila kitu kwa mikono ya wenye pikipiki. Mguu wangu haukufika Tunda miaka minane.

Nyumbani nilijaribu kukirudisha kidole nyuma. Hilo nilifanya kwa siri, ukiwa shule. Nilichukua kila pigo la chuma kile kinene nikalisogeza nyuma ya mstari, yote kwa kiasi kimoja. Ikatoka sauti ya muntu anayeigiza kilema. Kwa sababu baba yako hakuchelewa sawasawa, sasa njo nilikuwa nakumbuka. Alipopiga pale pa kumkumbuka mama yake kidole kilikawia zaidi, na palipokuwa na furaha kilikaribia kufika. Nilikuwa nimefuta mambo hayo yote, na kichwani mwangu hayakuwepo yote. Nikafuta na jaribio lile.

Hapo njo nilijifunza neno moja la kazi, na hili uende nalo. Kuna uchelewaji wa mashine na kuna uchelewaji wa muntu. Ule wa mashine unalingana kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu sauti inachukua muda kupita kwenye waya. Ule uusahihishe bila huruma. Unaobadilikabadilika, huo iko muntu ndani yake. Kabla hujauvuta, umuulize anakwenda wapi. Siku hizi mara nyingi navuta kidogo tu, mara nyingine natoa mkono kabisa. Na faili ya kwanza sifuti tena, hata mashine ipige kelele imejaa.

Ulipouliza kaseti, nikakuambia maji. Ulipouliza baba alipigaje, nikakupa ile niliyonyoosha. Ukaipenda. Ukajengea wimbo wako juu yake, na ni wimbo mzuri, sisemi kwa kuwa ni miye niliyekuzaa. Mwezi uliopita mkubwa wa studio ya Kisangani alipiga simu kusema amekukubali, ukaweka sauti kubwa ili na miye nisikie. Nakumbuka kila neno. Alisema, "Lakini ile likembe! Nani alikuwa anapiga? Imenyooka, hata mashine haiwezi." Na weye ukamjibu, kifua mbele, "Baba yangu njo alikuwa anapiga hivyo."

Nilikuwa nachambua majani ya lengalenga. Niliendelea kuchambua. Ulinitazama ukicheka, na miye nikacheka. Uongo ule wa kwanza ulikuwa wangu, lakini pale nilikuona unausema kwa mdomo wako safi, na sikukuzuia. Nimeona aibu nyingi maishani, hiyo njo kubwa kuliko zote.

Kwa nini basi kaseti iko mkobani? Unakumbuka kiangazi, ulipokwenda Kisangani kwa majaribio, habari ya msiba wa Koko ikafika. Nilikwenda peke yangu. Baada ya matanga Amina akanikalisha mkekani, akaleta redio ile ile na kaseti ile ile, herufi zake zimefutika kwa kushikwa. Nikamwambia, ondoa, sitaki kuisikia. Akasema, "Mama alisema ukikuja, uketi, na usizime haraka."

Nikakaa. Wimbo wangu ulionyooka ukapita. Nikamuuliza Amina kama Koko alikuwa akiusikiliza. Akasema, kila jioni, pile zikiwa na nguvu. Nikasema, si alisema si mwanawe? Akajibu, "Wimbo alikuwa anaungojea tu upite."

Ukapita. Pakaja kimya, na pakaja "tak", ule mshindo wa kitufe changu, siku niliporekodi juu. Na nyuma ya mshindo ule, Mwamini, pale ambapo wimbo wangu mfupi haukufika, ule wa kwanza ulikuwa umebaki. Niliposema nimeukata mwisho wake, niliukata kwenye mashine. Kwenye mkanda ulikuwa umekaa pale, miaka yote, na kipofu akauona. Siku ile Tunda, kama nisingepiga ile stop kwa hasira, ningeusikia tukiwa wawili.

Ni mfupi sana. Usijitayarishe kwa kitu kikubwa. Kidole cha kulia kinagonga chuma kile mara nne, na mara zote nne kinachelewa, na kila mara kwa namna yake. Nililia mpaka Amina akaogopa, akaniletea maji ya kunywa.

Sijaihamisha kwenye mashine. Nimekaa na kaseti hiyo miezi, na kila siku nilisema leo nitamwambia, na kila siku nikasema kesho. Sasa kesho yenyewe inakuja na boti. Miye si muntu wa kuigusa tena. Mkono uliofuta usipewe tena kazi ya kuokoa. Wewe masikio yako ni mazuri kuliko yangu, na Kisangani utapata redio nzima ya kuichezesha. Katika mapigo yale manne unaweza kujifunza jinsi alivyochelewa, ukamtafuta taratibu katika wimbo mzima, au unaweza kuuacha wimbo kama ulivyo. Hilo sikuamulii. Wimbo ni wako, na baba ni wako.

Ninalolishikilia ni moja, na hapo hunisogezi. Wiki ijayo wataandika kwenye wimbo: likembe, Omari. Usikubali waandike hivyo juu ya kazi yangu. Ama umrudishe kidole chake, ama uandike na jina langu pembeni: amenyooshwa na mke wake, Zaina. Mkubwa wa studio akiuliza kwa nini, mwambie yote. Akikuona mwongo, mpe namba yangu, nitamweleza mwenyewe, sioni haya tena. Akikufukuza, mlango huu hauna kufuli kwako. Lakini najua hatakufukuza, kwa sababu weye unaimba, na hilo halikunyooshwa na mtu.

Naona mtumbwi unarudi, na kilemba chako cha njano kiko ndani. Nitaificha karatasi hii mkobani, nitakaanga samaki, nitakugombeza kwa kuchelewa kidogo ili usishuku kitu. Utaisoma ukiwa umeshashuka na maji, mahali ambapo siwezi kukupokonya.

Ukiiweka kaseti, usiwe na haraka. Uache wimbo wangu upite. Ungoje ule mshindo. Utasikia mapigo manne, na weye mwenyewe ukilialia, wa miezi mitano, unavuta waya. Kisha likembe itanyamaza, baba yako atakohoa, na ataniuliza, "Umezima?"

Na utanisikia, sauti ya msichana, nikimjibu: "Bado."

Mama yako,
Zaina